Kifundo cha Kamba ya Miwani

Kabiro, Kawangware
Nairobi
Jumatano, alasiri

Kwa dada yangu Kalondu,

Kabla ya neno lolote nakuuliza habari za goti lako la kushoto. Bado linakuamsha alfajiri kukiwa na baridi, au ile dawa ya kuchua niliyompa shemeji imelituliza? Na kunde, zimeshika maua au jua limezipiga? Hapa wingu linatoka upande wa Ngong, linakaa juu ya mabati yetu mchana kutwa, kisha linaondoka bila kutupa tone. Sisi ni wazima, isipokuwa mimi silali vizuri na chakula hakipiti kooni. Mama Ndinda anadhani ni tumbo. Si tumbo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ndani ya bahasha utakuta kamba ya miwani yangu, ile ya katani uliyonisokotea ukampa Kavata aniletee mwaka juzi. Usiioshe, na tafadhali usikiguse kile kifundo mpaka umalize kusoma. Ningepiga simu, lakini masikio yako yamegoma, na jambo hili nikilitamka kwa kupaza sauti kwenye simu ya Kavata, kijiji kizima kitalisikia kabla yako. Kwa hiyo naandika, kama tulivyozoea tangu uliponifundisha herufi kwa kile kitabu cha Kiswahili kilichokosa jalada.

Nilikuambia katika barua iliyopita kwamba nimepata kazi ya mabomba kwenye jengo jipya. Sikukueleza ni jengo gani kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa. Ni jumba kubwa lisilo na madirisha, nje ya mji, ambalo hakuna mtu atakayeishi ndani yake. Litajaa kompyuta zilizopangwa kwenye makabati marefu. Wanaliita kituo cha data. Kavata akiuliza simu yake swali akiwa huko kwenu, huenda jibu likatengenezwa humu. Kompyuta hizo zikifanya kazi zinapata joto, Kalondu, joto la kukaanga yai. Zamani zilipulizwa kwa feni, lakini hizi za sasa upepo hauzitoshi. Basi maji yanapitishwa kwa mabomba hadi kifuani mwa kila kompyuta, yanachukua lile joto, yanarudi nje kupozwa, kisha yanazunguka tena. Kazi yetu ni kufunga viungo vya mabomba hayo visivuje hata tone, maana maji na umeme havilali nyumba moja.

Siku ya kwanza injinia wetu alitupitishia kipande cha shaba kilichopasuliwa ili tuone ndani yake. Kina mifereji iliyosimama sambamba kama meno ya kitana, ila kati ya jino na jino hata unywele unapita kwa shida. Akasema, "Hapa ndipo maji yanapita. Kitu kikiingia hapa, hakitoki." Nilikishika kipande kile muda mrefu kuliko wenzangu.

Injinia huyo unamjua kwa habari. Ni Achieng', binti wa yule jirani yetu wa Kibera aliyeuza omena, mlango wa pili kutoka kwetu, upande wa kuelekea kituo cha Olympic. Alipokuwa mdogo alipenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinitazama nikifunga mabomba ya pale tulipochotea maji. Barabara ilipopita juu ya nyumba zetu kila mtu alibeba mabati yake akaenda alikojua, wao kwa ndugu zao, sisi huku Kawangware, na sikumwona tena miaka mingi. Sasa ana watoto wake mwenyewe. Mwaka huu alinitafuta akiuliza duka kwa duka mpaka muuza makaa akamwonyesha mlango wetu. Alisema vijana wanajua kusoma geji za kupimia presha, lakini anataka pia mkono unaojua nati imetosha lini. Miaka sitini na sita, Kalondu, na nilikuwa nimebaki kuitwa kwa sinki zilizoziba tu. Siku hiyo nilihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kuitwa "we mzee" muda mrefu.

Unajua ufundi wangu ni wa katani. Umenitumia fungu kila mwaka baada ya mvua ndefu, na majirani wameshazoea kuniona nimekaa mlangoni nikilichana. Nyuzi unazilaza kwenye yale meno ya mwisho wa bomba, ukifuata mzunguko wake, unapaka dawa nyeupe, unakaza. Maji yakiifikia, katani inavimba, na ikivimba inafunga. Kule Kibera kuna mahali ambapo bomba liliisha kwa kutu huku kiungo changu hakijavuja. Nayasema haya ili ujue kiburi changu kilitoka wapi.

Kwenye jengo hili katani imepigwa marufuku. Tunatumia gundi nyekundu inayokauka pale tu hewa inapokosekana, na mikono iwe ndani ya glavu. Langoni wanapekua mifuko. Siku ya kwanza mlinzi alilitoa fungu lako akaliinua kwa vidole viwili. "Mzae, hii ni nini? Umenyoa nani?" Likabaki kwake. Lakini kamba ya miwani hakuna aliyeihesabu. Nani hukagua shingo ya mzee?

Na jambo moja zaidi ulijue. Kila kiungo kina lebo yenye namba. Fundi aliyekifunga anaandika jina lake, na Achieng' anaandika lake kando.

Sasa kosa langu. Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye kiungo namba arobaini na moja. Ni cha vali ndogo ya kutolea hewa, kwenye bomba linalopeleka maji kwa kompyuta, baada ya chujio, kwa hiyo kitu kikitoka hapo hakuna cha kukizuia. Meno ya vali ile yalikuwa mapana kuliko inavyotakiwa tangu kiwandani. Tunapima kwa kujaza hewa bombani na kupaka povu la sabuni juu ya kiungo. Povu likatoa kijicho, kile kiputo cha hewa inayovuja. Tulifungua, nikasafisha, nikapaka gundi upya, tukangoja. Kijicho tena. Mara ya tatu, kijicho kile kile. Utaratibu ni kuandika kwamba vali ni mbovu, iagizwe nyingine, na laini nzima ya mabomba isubiri. Lakini wenye jengo walikuwa wanakuja kutembelea kazi alasiri hiyo.

Mwenzangu wa zamu ni Wafula, mchomeleaji kutoka magharibi, mtu mwema ila ulimi wake haulali. Alikuwa juu ya ngazi akaniambia, "Mzee wa Kitui, leo mkono umekataa? Tukuitie fundi?" Waliokuwepo walicheka. Hata mimi nilicheka.

Kisha Wafula alishuka kwenda kutafuta kitambaa, nikabaki peke yangu. Kamba ilikuwa kifuani. Chini ya kifundo uliacha nyuzi chache zinaning'inia kama ndevu za mbuzi, unakumbuka? Nilizishika, nikaingiza ncha ya kisu kwenye mdomo wa kifundo, nikakata, nikazilaza kwenye meno ya vali, nikapaka gundi juu yake, nikakaza. Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Ningependa kukuambia kwamba mikono ilitenda bila mimi. Si kweli. Nilitazama nyuma kwanza.

Kiungo kilishika. Sindano ya geji haikutikisika saa mbili nzima. Achieng' alileta wageni hadi pale akawaambia, "Huyu ndiye alinifundisha bomba kabla niende chuo." Nikaandika jina langu kwenye lebo. Naye akaandika lake.

Kesho yake, Ijumaa, maji safi yalianza kuzungushwa ndani ya mabomba ili kuyaosha, kabla ya kompyuta kuunganishwa. Wakati wa chai mmoja wetu aliuliza kwa nini katani ilikatazwa. Mimi miaka yote hii nilidhani ni mapenzi ya watu kwa vitu vipya. Achieng' alieleza kwa upole kwamba katani ni mmea. Ikikaa ndani ya maji yanayozunguka inaoza, inalisha utelezi unaoota ndani ya mabomba, na inatoa vinywele vinavyokwenda moja kwa moja kwenye ile mifereji ya shaba. Mfereji ukiziba, kompyuta inaungua kabla mtu hajajua. Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Nilikitafuna mpaka chai ikaisha.

Nilikwenda nyumbani, nikachukua nyuzi chache za fungu lako, nikazitia kwenye chupa ya jemu yenye maji, nikaiweka dirishani. Nilijiambia nataka ushahidi. Nadhani nilitaka katani initetee. Jumamosi maji yalikuwa meupe. Jumapili baada ya ibada yalikuwa na rangi ya chai ya kwanza. Mama Ndinda aliikuta ile chupa akafikiri ni dawa ya miti uliyonitumia, akaifungua na kuinusa. "Kalondu ametuma nini hiki? Kinanuka kama kisima kilichoangukiwa na mbuzi." Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha sikuweza kuyazuia, naye akaanza kuniangalia kwa namna nyingine. Jumatatu nilipoitikisa chupa, vinywele vyembamba vilitoka kwenye nyuzi vikaelea.

Jana, Jumanne, niliibeba chupa hiyo kazini. Langoni yule mlinzi aliuliza kama ni mkojo wa hospitali. Nilimpata Achieng' kwenye ngazi, nikamwonyesha chupa, nikamwambia namba ya kiungo.

Hakupiga kelele. Ningependelea kelele. Aliitazama ile chupa, halafu akauliza, "Baba Ndinda, nilisema nini kuhusu katani?"

Nikamwambia nakumbuka alichosema.

"Na unajua hiyo lebo iko na jina yangu pia."

"Najua."

"Nyuzi ziko ngapi?"

"Tatu," nikasema, bila kufikiri.

Maji yalitolewa kwenye sehemu ile. Achieng' aliniambia nifungue mwenyewe, nikafungua, Wafula akiwa ameshika taa. Nyuzi zilikuwa pale kwenye meno, zimelala kama nilivyozilaza, zimeshaanza kulainika. Zilikuwa mbili.

Tulitafuta ule wa tatu. Tulipangusa ndani ya vali kwa kitambaa cheupe, tukamulika mdomo wa bomba, tukafungua chujio la upande wa kurudi ambako maji ya kuoshea hupita. Hakuna kitu. Ama haukuwepo, ama umekwama mahali ndani ya laini.

Sasa elewa uzito wake. Kama niliweka mbili, mambo yameisha: vali mpya inafika Jumatatu, inafungwa, mimi napewa onyo, kazi inaendelea. Kama niliweka tatu, lazima laini nzima ifunguliwe, viungo sitini na vinane, kila kimoja kisafishwe na kufungwa upya. Achieng' ndiye atakayewaandikia wakubwa sababu, na sababu ni mzee aliyemleta yeye mwenyewe, kwa kumdhamini, dhidi ya ushauri wa wenzake. Ni mwanamke pekee mwenye cheo pale. Kuna watu wanaongoja ateleze, nimewaona.

Wafula alinivuta kando karibu na vyoo. "Mzee, sema zilikuwa mbili. Mbili zimeingia, mbili zimetoka. Wewe umri umeenda, nani atakushangaa ukisema ulihesabu vibaya? Huyo mama utamwokoa." Hakuwa akinishawishi kwa ubaya. Anampenda Achieng' kama dada.

Na hapa ndipo ninapoogopa, Kalondu. Nilipofika nyumbani jana nilikuwa nimeshaanza kukumbuka mbili. Niliona vidole vyangu vikishika nyuzi mbili, waziwazi, na kisu kikikata mbili. Leo nikiwaza hivyo naziona mbili. Nikijikaza naziona tatu. Unakumbuka baba mdogo alivyoukumbuka mpaka wa shamba letu: kila mwaka ulikuwa mahali pengine, na kila mwaka aliapa, na nadhani kila alipoapa alikuwa anauona kweli. Mimi niliondoka nyumbani kwa sababu ya kumbukumbu ya aina hiyo. Nimezeeka ugenini kwa sababu yake. Sitaki niwe nimeibeba damuni muda wote huu.

Leo asubuhi, nikivaa miwani, ndipo nilipokitazama vizuri kifundo. Nilikata kwenye mdomo wake kabisa, kwa hiyo visiki vya nyuzi nilizokata vimerudi ndani. Vimo humo, viwili au vitatu. Nilimweleza Achieng', akaleta sindano na kioo cha kukuzia. Nilipochokora mara ya kwanza uzi mmoja mzima ukakatika. Nikaacha papo hapo. Kimekazwa kwa jasho la miaka miwili, na vidole vyangu vimezoea spana, si vifundo. Nikiendelea nitavunja nyuzi nyingine, na kisha hakuna atakayejua kipi kilikatwa na kisu na kipi kimevunjwa na mimi.

Nikamwambia kwamba mtu aliyekifunga yuko hai, na anajua kukifungua.

"Yaani niambie wakubwa tunangoja mama wa Kitui?"

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, si kwa furaha. Aliegemea ukuta akafumba macho. Kisha akasema, "Vali ni Jumatatu. Niko na mpaka Jumapili jioni. Mwambie afungue."

Kwa hiyo nimekuja nyumbani mapema kuandika. Bahasha naikabidhi kwa wale wa basi kesho, na mtoto wa shemeji ataipokea stendi.

Nakuomba hivi. Ukipokea, ngoja mchana wenye mwanga mzuri. Tandika kitambaa cheupe. Fungua kifundo kile kwa namna mama alivyotufundisha, kuanzia ndani, bila kulowesha vidole. Ule uzi niliouvunja mimi kwa sindano nimeutia wino wa kalamu, usiuhesabu. Kisiki kilichokatwa na kisu kitakuwa na ncha iliyonyooka, nawe unazijua ncha zako za asili kuliko mimi. Hesabu visiki. Kisha Kavata anipigie simu aniambie idadi. Asiniambie maelezo wala pole.

Nina hofu moja, na naiandika bila kukuficha. Wewe ndiye uliyemwambia baba kwamba mtungi ulivunjwa na mbuzi. Wewe ndiye uliyesema nimelala na homa siku niliyotoroka shule kwenda kutazama kisima kikichimbwa. Maisha yangu yote umenitafutia jibu lenye huruma, na ukisoma barua hii najua utaona mara moja ni idadi gani ninayoitamani. Ningekuwa wewe ningeitaja hata kabla ya kugusa kifundo. Tafadhali usifanye hivyo. Kompyuta zile sizijui wala sizionei huruma. Lakini Achieng' aliweka jina lake kando ya langu bila kutazama chini ya gundi, na hilo siwezi kulirudisha ila kwa kumpa hesabu ya kweli, iwe mbaya namna gani. Kama ni tatu, nitafungua viungo vyote sitini na vinane kwa mikono yangu, wakinikubalia. Na wasiponikubalia, nitakaa nje ya lango mpaka vimalizike, ili akitoka anione.

Nisalimie shemeji, mwambie asikuache ukachote maji peke yako na goti hilo. Msalimie Kavata, mtoto wa marehemu kaka yetu, ambaye amekuwa masikio yako, na umwambie nasikitika kumpa kazi ya kubeba namba ndogo iliyo nzito hivi. Msalimie mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya bonde, aliyenipa kitabu cha kwanza kuondoka nacho. Na ukipita pale makaburini, simama kidogo kwa mama, kwa niaba yangu. Mama Ndinda anakusalimu na anauliza kama kweli ulituma dawa. Sijamwambia bado. Nitamwambia leo wakati wa chakula, kabla ya simu, si baada yake.

Usinisokotee kamba nyingine kwa sasa. Miwani nimeifunga kwa kipande cha waya wa umeme, inakwaruza shingo, na nadhani ni sawa ikwaruze.

Jumapili nikitoka kanisani nitakaa na simu mkononi. Idadi tu, dada. Ile utakayoikuta.

Mdogo wako,
Kioko